Msonyo wa Igombanilo

Ulisikia. Usijifanye hukusikia. Tangazo la Amri ya Kufinya lilipita redioni wiki tatu mfululizo, baada ya habari na kabla ya mpira, na wewe ukanyoosha mkono ukapunguza sauti mpaka wasome matokeo. Nakujua vizuri. Mimi ndiye niliyekufungia vipaza sauti msibani kwa baba mkwe wako, nikakuuliza kadi za mikutano ya zamani umeziweka wapi, ukanijibu, "Kabula, hayo yalishapita, njoo ule." Kisha ukainama, ukala.

Hayajapita. Yamo ndani ya mashine yanasubiri Ijumaa saa sita mchana yafutwe, na wewe hata hujauliza ni Ijumaa ipi.

Ni kesho.

Mimi ni Kabula Maganga, fundi wa spika. Shule niliacha darasa la sita, mwaka tuliohamishwa. Mambo ya sauti nilijifundisha mwenyewe kwa kufungua redio zilizokufa na kuwauliza mafundi maswali mpaka wakawa wakiniona wanavuka barabara. Cheti sina. Nina masikio mawili na kichwa kisichosahau, na mwezi huu kichwa hicho kilitaka kunifanya niwe kama wale ninaowachukia.

*

Jumatatu asubuhi tulijaza ukumbi wa Baraza la Ardhi la Kanda. Kaya mia mbili na kumi na mbili zinadai Igombanilo, kitongoji kilichozamishwa miaka thelathini na moja iliyopita kupisha bwawa la kupozea mashine za Bohari ya Sauti. Unayajua majengo hayo: kumi na manne, hayana madirisha, yanatunza kila neno lililowahi kusemwa mbele ya ofisa wa serikali. Mashine mpya hazihitaji maji. Bwawa linakaushwa. Matuta ya mihogo ya mama yangu yameanza kuonekana tena kwenye tope, na Bohari inataka kuyagawa kwa watu wengine, kwa madai kwamba tulikubali wenyewe kuondoka.

"Walikubali kwa furaha," alisema wakili wa Bohari. "Naomba rekodi rasmi isikilizwe."

Karani wa baraza, Eliakimu Ntahondi, akabonyeza.

"Wananchi wa Igombanilo," ikasema sauti ya ofisa wa miaka ile, safi kama mtu aliyesimama mlangoni, "mmekubali kuhama kwa hiari yenu?"

Yakafuata makofi. Juu ya makofi, vigelegele.

Bibi Wande alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Ana miaka themanini na sita. Akanivuta mkono wa gauni. "Hao ni akina nani?"

"Ni sisi, Bibi."

"Sisi? Mjukuu wangu, hiyo ni harusi ya mjini. Mimi siku ile nilikuwa na jipu kwapani. Ningepigaje makofi?"

Ukumbi ukacheka. Hakimu, mama wa makamo, akagonga meza, lakini nilimwona akiuma mdomo asicheke. Nikasimama nikaomba rekodi irudiwe. Ikarudiwa. Nikaomba tena.

"Mheshimiwa, msikilize huyo mwenye kigelegele," nikasema. "Yupo sekunde ya tatu, na yupo tena sekunde ya saba. Pumzi ileile, anakatika palepale. Hakuna koo la binadamu linalofanya hivyo."

Hakimu akamgeukia karani. Eliakimu si mtu mbaya. Akavua miwani, akaifuta, akajibu kilicho kweli.

"Mheshimiwa, hii imeshafinywa. Mfinyazi, ile programu ya Bohari ya kubana sauti zichukue nafasi ndogo, hatunzi sauti yote. Anatunza maneno anayoyatambua. Mengine yote anayaandikia maelezo mafupi: umati, uwanjani, unaitikia. Ukiicheza, anasoma maelezo, anatengeneza umati."

"Anatengeneza?"

"Anakisia, Mheshimiwa. Na kwa kawaida umati mbele ya ofisa hupiga makofi."

"Kwa kawaida ya nani?" nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga. "Mmemfundisha kwa sherehe zenu, halafu mnatuletea makofi ya sherehe zenu!"

"Keti, mama Kabula," akasema hakimu.

Nikaketi. Hakimu akaandika kitu, akasema: "Nitapokea rekodi ghafi ikiwepo. Iwe nzima, kama ilivyochukuliwa siku ile. Namba ya muhuri ilingane na daftari la mihuri. Na aliyeitunza aje nayo mwenyewe. Nawapa mpaka Alhamisi, maana Ijumaa saa sita Bohari inafuta ghafi zote na daftari lenyewe, na hapo sitakuwa na kitu cha kulinganisha."

Nzima. Wengine walilipita neno lile. Mimi nilitoka nalo.

*

Acha nikwambie kilichotokea siku ile, kwa sababu nilikuwepo, nimekaa chini mstari wa mbele, nina miaka kumi na mitatu na magoti yenye vumbi.

Ofisa aliuliza swali lake. Kwetu mtu akikutukana kwa swali, humpi neno. Unamsonya. Watu mia nne walimsonya yule bwana kwa pamoja, msonyo mrefu wa sekunde nne, meno na mashavu, mpaka kuku wakakimbia. Halafu tukainuka, tukakung'uta nguo, tukarudi majumbani tunachekelea. Mama alisema, "Leo kajibiwa." Hakuna aliyenyoosha mkono. Hakuna aliyesema hapana. Tuliamini kwamba mwenye masikio amesikia, na hilo ndilo kosa letu. Sitalifunika.

Msonyo hauna wimbo ndani yake. Ni hewa inayovutwa kwa nguvu penye upenyo mwembamba, mchakacho mtupu uliotawanyika huko juu kwenye sauti nyembamba, kama mvua juu ya bati. Kwa Mfinyazi huo ni uchafu. Ndicho kitu cha kwanza anachotupa.

Rekodi ghafi haina werevu wa namna hiyo, na uzuri wake ndio huo. Kipaza sauti kinasukumwa na hewa, na mara elfu arobaini na nane kila sekunde chombo kinauliza: sasa hivi umesukumwa kiasi gani? Jibu ni namba moja. Inaandikwa kwa baiti mbili, kisha inayofuata, kisha inayofuata. Mwanzoni mwa faili kuna baiti arobaini na nne za utambulisho: vipaza sauti vilikuwa vingapi, vipimo vingapi kwa sekunde, kila kipimo kina ukubwa gani, na baiti ngapi zinafuata. Baada ya hapo ni namba tupu, kwa mpangilio wa kutokea kwake, mpaka mwisho. Hakuna anayeamua lipi la maana. Waziri akifoka dakika moja, na mjane akinyamaza dakika moja, kila mmoja anachukua baiti milioni tano na laki saba na sitini elfu. Kimya kina uzito uleule. Sijaona sheria yoyote ya nchi hii iliyotutendea hivyo.

Ndiyo maana wanazifuta. Wanakwambia nafasi imejaa.

*

Siku za mikutano ile, sheria ilitaka mwenyekiti wa kitongoji apewe nakala ghafi kwenye kadi. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Mihayo Lugusha. Alifariki miaka kumi na minane iliyopita, na kadi ikabaki kwa binti yake, Nyanzala, mwenye mashine ya kusaga pale Makazi Namba Nne tulikohamishiwa. Mwanzoni mwa mwezi alinipa niipime kama bado inasomeka. Alinipa kwa sharti.

"Sikiliza msonyo tu," alisema. "Dakika mbili za mwanzo uziache. Niapie."

Niliapa. Nikarudi nyumbani, nikazisikiliza dakika mbili za mwanzo. Na kabla ya kumrudishia kadi yake nikajiwekea nakala.

Kipaza sauti kilikuwa kimewashwa mapema, kimelala mezani. Zinasikika hatua. Kiti kinaburutwa. Kisha Mzee Mihayo ananong'ona, karibu sana, unaweza kusikia ulimi wake ulivyokauka:

"Wakinyamaza, wewe andika wamekubali. Mimi nitasimama niseme kwetu kunyamaza ndiyo kukubali. Ila gari lako limchukue Nyanzala sasa hivi. Mtoto amekaa vibaya tumboni tangu jana."

Na ofisa: "Litaondoka ukishasaini."

Nilivua vipokea sauti nikavitupa kitandani. Mzee yule nilimwamkia kwa magoti miaka kumi na mitatu. Nilimfungia spika msibani kwake bure. Nilimlilia.

Kwa hiyo Jumatatu mchana, kutoka barazani, nilikwenda moja kwa moja mashineni. Nyanzala alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Uso huo umeutoa wapi?"

"Zima mashine."

Akazima. Wanawake waliopanga foleni wakaanza. "Jamani Nyanzala, ugali wetu!" Akawaambia ugali haujawahi kukimbia mtu, wakapige soga nje. Wakatoka wananitazama kama mkosi.

"Hakimu anaitaka nzima," nikasema.

"Basi kata kidogo tu, mwanzoni. Nani atajua?"

"Utambulisho wa faili unasema baiti ngapi zinafuata. Ukikata zinapungua. Karani ataliona hilo hata kabla hajakaa vizuri."

"Basi usikate. Weka sifuri. Urefu ubaki uleule, pawe kimya tu."

Nikamkodolea macho. "Nani kakufundisha hayo?"

"Unadhani wewe peke yako una akili hapa duniani? Kadi hiyo nimelala nayo miaka kumi na minane. Nimeuliza kila njia."

"Kuna muhuri, dada. Siku ileile walizipitisha namba zote kwenye hesabu moja, ikatoka namba moja ndefu, ikaandikwa daftarini. Ukigusa kipimo kimoja, hata cha mlango uliogongwa, namba inatoka nyingine kabisa. Msonyo na minong'ono vimefungwa kamba moja. Ama vyote, ama hakuna."

Alikaa juu ya gunia la pumba. Akachezea ufunguo wa mashine.

"Umesikiliza," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nimesikiliza."

"Na uliniapia."

"Ndiyo."

"Nakala?"

"Ninayo hapa."

"Sasa umekuja kutafuta nini?" Sauti haikupanda hata kidogo, na hilo lilinitisha. "Si uende nayo? Waambie wewe ndiye uliyeitunza. Hakimu atajuaje? Kaya mia mbili na kumi na mbili, na mimi ni mmoja. Hesabu gani hiyo ya kukuleta mpaka huku?"

Hesabu hiyo nilikuwa nimeipiga njia nzima, na jibu lilikuwa hilo alilosema. Ningeapa tena. Kuapa nilishakuzoea. Lakini nilipomwona amekaa pale, anangoja nimwambie nilichoamua juu ya baba yake, nilikumbuka yule ofisa na kalamu yake. Alichukua kilichotoka vinywani mwetu akakiandikia ndiyo. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mtu ambaye hajasema ndiyo, na ndiyo yake nimeshaibeba mfukoni.

Nikatoa kifaa changu, nikakiweka juu ya mizani ya unga ili aone. Nikaitafuta nakala. Nikafuta. Kifaa kikauliza kama nina hakika. Kikauliza tena. Sikuwa na hakika hata chembe. Nikabonyeza.

"Sasa imebaki ya kwako tu," nikasema. "Ukiichoma moto leo, Igombanilo imekwenda, na sitakuwa na la kukufanya."

"Una wazimu wewe."

"Watasema hivyo pia."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Sayi wangu ana miaka thelathini na moja. Kila akinikasirisha namtazama nawaza: bwawa zima lile, kwa ajili ya huyu asiyejua hata kukunja shuka. Na wangeniambia niyarudishe maji yale nimtoe yeye, nisingekubali. Unanielewa? Baba alifanya nilichotaka afanye." Akajipangusa unga usoni, ukazidi kusambaa. "Wewe unataka nimwite msaliti."

"Ninachotaka mimi ndicho hicho, ndiyo. Nimemkasirikia mpaka mifupa inaniuma. Lakini sikuja kukupa cha kusema."

"Ondoka, Kabula. Watu wanataka unga."

Akawasha mashine, na hatukuweza kusikilizana tena.

*

Habari ilifika kabla yangu. Siku ya Jumanne, Kasanda Lugoda, katibu wa kamati yetu, alinisimamisha mbele ya watu.

"Umeifuta? Ulikuwa nayo mkononi, umeifuta?"

"Nimeifuta."

"Fundi wa spika kafuta mashamba ya watu mia mbili kwa ajili ya adabu! Ungetuuliza basi!"

"Ningewauliza mngesema nisifute."

"Kumbe unajua!"

Jumatano nzima sikupigiwa simu na mtu, na nisingewalaumu. Lakini nilichofanya nilikijua, na ningekifanya tena.

Alhamisi tuliingia saa tatu. Saa nne ikapita. Wakili wa Bohari akatazama saa yake kwa maringo. Saa tano kasorobo mlango ukafunguliwa na Nyanzala akaingia na nguo za kazini, hakukung'uta hata unga. Hakunitazama. Alikwenda mpaka kwa karani, akafungua fundo la kanga, akatoa kadi ndogo kama kucha.

"Nimeitunza mimi," akasema. "Mimi mwenyewe, tangu baba afe."

Eliakimu akaipachika. Akasoma utambulisho kwa sauti: kipaza sauti kimoja, vipimo elfu arobaini na nane, baiti mbili kwa kipimo, dakika arobaini na moja. Akahesabu urefu wa faili. Baiti milioni mia mbili thelathini na sita, laki moja na sitini elfu, na arobaini na nne. Haikupungua hata moja. Kisha akafungua daftari la mihuri, akaweka rula chini ya mstari wetu, akaanza kulinganisha tarakimu moja moja kwa kidole. Sijawahi kuona ukumbi uliojaa ukikaa hivyo kwa ajili ya kidole cha karani. Alipofika ya mwisho akanyanyua uso.

"Inalingana, Mheshimiwa."

"Tuanzie kwenye swali la ofisa," akasema hakimu.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema Nyanzala. "Naomba ianze mwanzo."

Ikaanza mwanzo. Hatua. Kiti. Ule mnong'ono. Nilisikia ukumbi ukivuta pumzi, halafu nyuma mtu akatoa tusi, halafu mwingine. Kasanda alikuwa ameshika kichwa. Nyanzala akawageukia wote, mikono imelala ubavuni.

"Huyo ni Mihayo Lugusha. Ni baba yangu. Aliyepanda gari hilo ni mimi, na Sayi ndiye aliyezaliwa. Mwenye kunitukana anitukane baadaye. Msonyo bado."

Rekodi ikaenda. Ofisa akauliza swali lake, kwa sauti ya mbali yenye upepo, si safi tena, lakini ni yeye. Na kisha ukaja. Vipimo laki moja na tisini na mbili elfu, kila kimoja mahali pake. Ulijaa ukumbi mpaka vioo vikatetema, na chini yake ulisikia kuku. Baada yake, sauti ya Mzee Mihayo ikitetemeka: "Kwetu, bwana ofisa, kunyamaza ndiyo kukubali."

"Nani alinyamaza hapo?" akauliza hakimu, taratibu.

Wakili akasimama. "Mheshimiwa, hiyo ni kelele ya chombo. Hitilafu ya kipaza sauti."

"Hitilafu?" Bibi Wande alishainuka, ameshika bega langu. "Baba, sogea nikuoneshe hitilafu." Akamsonya. Alimsonya kuanzia viatu mpaka utosini, bila haraka, mpaka mwisho wa pumzi.

Ukumbi ulilipuka. Hakimu aligonga meza mara nyingi. Kulipotulia akasema, bila kucheka, "Karani, andika: shahidi amejibu."

Akaamuru faili letu litunzwe ghafi, lisifinywe na yeyote, mpaka hukumu mwezi ujao. Na akaongeza jambo ambalo wakili alilipinga akakataliwa: kitongoji chochote kitakachofikisha rekodi yake nzima, muhuri ukilingana, mtunzaji akiwepo, kabla ya Ijumaa saa sita, kitapata ulinzi huohuo. Tutashinda. Nakwambia kama ninavyokwambia jina langu.

Nje, Kasanda alimpita Nyanzala kama hamwoni. Wawili watatu walitema mate chini. Bibi Wande alimuuliza kesho anafungua saa ngapi, kwa sababu ana debe la mahindi. Mimi nilimsogelea nikamwambia samahani kwa kiapo. Akasema, "Hiyo bado sijakusamehe," akaenda zake.

*

Sasa ni saa kumi alasiri, Alhamisi. Nimeandika haya yakiwa ya moto, na yanapita kwenye kila simu ya kanda hii.

Vitongoji sitini na kimoja vilihamishwa mwaka ule. Makofi ni yaleyale kwa vyote sitini na kimoja, na yule mama wa kigelegele yupo kila mahali. Kadi ziko majumbani. Yako najua unayo, na najua kwa nini hukuitoa: wewe pia una baba mle ndani, au mjomba, au wewe mwenyewe, unasema kitu ambacho usingependa wanao wakisikie. Aibu hiyo iache humo. Usikate, usiweke sifuri, usimpe fundi akusafishie. Ukiigusa aibu yako umeugusa muhuri, na ukiugusa muhuri umewapa ardhi kwa mkono wako.

Eliakimu anafungua dirisha kesho saa moja na nusu asubuhi na kulifunga saa sita kamili. Kutoka kwako mpaka hapa ni mwendo wa saa nne. Mimi nitakuwa mlangoni na kisoma kadi na betri mbili. Uje mwenyewe, usimtume mtu.

Inuka ukaichukue. Sasa, si ukimaliza kula.